Karani wa Kaunta ya Tatu

Zamani barua ilikuja na mikono iliyoileta.
Mtu wa Bayankhoshuu, glavu zake zinanuka makaa,
aliiweka mezani kama anayelaza mtoto.
Nami niliigonga muhuri, nikaitia kwenye faili la kijani,
faili likapanda ghorofa ya nne,
na ghorofa ya nne, nani Ulaanbaatar asiyejua,
ndiko barua zinakokwenda kuzeeka.

Sikuwa mbaya. Nilikuwa na muhuri tu.

Kisha Tsogzolmaa, muuza soksi, akanunua kipimo cha hewa,
kidude cheupe, kikubwa kidogo kuliko kibiriti,
akakining'iniza mlangoni mwa hema lake la sufu.
Kila alfajiri, nyuzijoto thelathini chini ya sifuri,
alipiga picha ya namba, akairusha mtandaoni.
Hakutoa hoja. Hakumtukana mtu.
Namba, na chini yake: "Mwanangu amekohoa hadi saa tisa."

Siku ya kwanza alipata mioyo sita, mmoja wa dada yake.
Siku ya arobaini namba zilitoka milango mia nne,
kilima kizima kikawa kitabu kilichofunuliwa,
kila ukurasa unakohoa.

Walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Kweli, hazikumzuia.
Ila ng'ombe siku hizi huinua kichwa kwanza,
akatazama kama kuna anayerekodi.

Naibu mkuu wa wilaya akatokea mubashara,
nyuma yake picha ya farasi watatu.
"Ndugu wananchi," akaanza,
na maneno yakapanda kwenye kioo kama siafu:
Vichujio viko wapi?
Zabuni alipewa nani?
Shemeji yako hajambo?
Alikunywa maji mara tano. Nilihesabu.
Mimi ndiye niliyeshika taa,
na nakiri, nilicheka kwa ndani.

Penye wengi hapaharibiki neno, husemwa.
Wiki iliyofuata liliharibika.
Mtu asiye na jina, mwenye paka mahali pa uso,
alipata karatasi ya zabuni, na chini yake sahihi yangu.
Sahihi ya kupokea, si ya kuidhinisha;
lakini nani husoma mstari wa chini
akiwa na kidole na hasira?
Saa mbili zilitosha: uso wangu, shule ya binti yangu,
bei ya buti zangu (ni za marehemu shangazi).
Wezi huwa na macho hayo hayo, aliandika mmoja.
Mwingine akaongeza ramani ya kwangu.
Ghorofa ya nne ikanyamaza, kwa raha zake.

Aliyenitetea ni Tsogzolmaa.
Alfajiri, kabla ya namba, aliandika:
"Barua yangu ilipopotea mwaka juzi, huyu aliniomba radhi.
Hakuna mwingine aliyewahi. Mwacheni."
Akapata mioyo sita.

Sasa fungu la majiko linapigiwa kura kwa simu.
Juzi bibi Dulamsuren alikuja kaunta na mjukuu,
akampa kidole gumba akiongoze hadi kwenye kitufe.
"Wamenisikia?" akaniuliza.
Nikamjibu, mfumo umepokea.
"Sikuuliza mfumo," akasema,
akasimama pale pale, mkono mezani,
mpaka nikalitamka jina lake kwa sauti,
na alichokichagua.

Yule paka bado yumo. Jana alisifu vichujio.
Binti yangu amehama shule na hataki tuzungumze habari hiyo.
Muhuri umo kwenye droo, wino umekauka.
Leo mlangoni mwa Tsogzolmaa: mia moja na themanini.
Mwaka jana, siku kama ya leo, ilikuwa mia sita.
Chini yake ameandika: "Amelala."

Nimebonyeza moyo,
kwa jina langu kamili.